Gari Lenye Nyumba Mbili

Siku gari lilipofika nyumbani kwake, Mbula alilikagua kama anavyokagua ng'ombe katika soko la Ikutha. Alilizunguka mara mbili, akainama kutazama chini ya tumbo lake, akapiga mlango kofi moja, kisha akageukia mtu ambaye gari halikuwa lake.

"Kanini, muulize Baba Kasyoka, hii gari inakula nini?"

Kanini, mke wa shemeji yake, alikuwa amesimamishwa katikati ya ua kama mzani. Upande mmoja, karibu na jikoni, alikuwa Mbula. Upande wa pili, karibu na boneti, alikuwa Kyule, huyo Baba Kasyoka mwenyewe, mume wa Ndunge binti wa Mbula. Hatua nane hivi ziliwatenga, na kila mmoja alisikia kila kitu vizuri kabisa. Hata hivyo Kanini aligeuka, akakohoa kidogo, akafikisha ujumbe, akimwita Mbula mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Baba Kasyoka, mwaitu anauliza gari inakula nini."

"Mwambie mwaitu inakula dizeli," Kyule akajibu, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake. "Lita moja, kilomita kumi na mbili. Ikijaa watu, kumi."

"Inakula dizeli, mwaitu, lita moja..."

"Nimesikia. Muulize mbona inanguruma hivyo. Iko mgonjwa?"

Haikuwa na ugonjwa wowote, Kyule alieleza kupitia kwa Kanini. Dizeli ndivyo inavyoongea. Asubuhi ukifungua ufunguo usikimbilie kuwasha, ungoje kwanza taa ndogo ya rangi ya chungwa izime, ndipo uwashe. Ukiiheshimu hivyo itakuzika wewe. Alisema hivyo kisha akajuta, maana aliyekuwa akisikiliza alikuwa mgonjwa, lakini Mbula aliangua kicheko. Alipenda kitu kinachotaka kuheshimiwa asubuhi.

Msidhani watu hawa walikuwa wamekosana. Kwa Wakamba wa rika la Mbula jambo hili ni nthoni, yaani ile haya na heshima kati ya mkwe na mama mkwe wake. Hawapeani mkono. Hawaketi bega kwa bega. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe hata mvua inyeshe mawe, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Vijana wa siku hizi wanasalimiana na mama wakwe zao kwa kukumbatiana, na ni shauri yao. Mbula alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama kwa miaka kumi na mmoja, na hakuona mahali popote ambapo injili ilimwambia aache adabu. Tangu Kyule alipoleta mbuzi za ntheo, zile za kuposea, kutoka kwao Mukuyuni, upande wa Makueni, miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na katika miaka hiyo yote Mbula hakuwahi kumwambia neno moja ana kwa ana. Wala hakuwahi kulitamka jina lake. Na alimpenda sana. Angekuuma ukimsema vibaya.

Taabu ilikuwa figo. Zilikuwa zimegoma mwaka uliopita, na sasa kila Jumanne na Ijumaa Mbula alilazimika kufika hospitalini Kitui mjini, saa tatu asubuhi, afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Ndunge alifundisha siku hizo, tena hajui kuendesha gari. Jonah, kifungua mimba wa Mbula, alikuwa kazini Mombasa, akipiga simu nyingi. Magari ya abiria yalikuwa yamemchosha hata akaanguka stendi, akakosa kwenda mara mbili mfululizo. Daktari hakuzungukazunguka. "Mama, ukikosa tena, maji yatajaa mapafuni. Sitakudanganya."

Kyule alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Ikutha na pikapu ya kubebea saruji. Mbula kupanda pikapu ile, kiti kimoja na mkwe wake? Angeona afadhali kubebwa na punda. Kwa hiyo Kyule alifunga duka siku tatu, akazunguka kote mpaka akafika Kyuso kwa Billow, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akiuza gari lake la familia. Hakuuliza limetembea kilomita ngapi mpaka alipokwisha kutazama milango.

"Mwambie mwaitu aje aone huku," alisema sasa, akirudi nyuma hatua kumi ili kumpisha.

Mlango wa kushoto ulikuwa wa kuteleza, na wa kulia vilevile. Ule wa kushoto ulibonyezwa kitufe ukafunguka wenyewe, polepole, bila kelele. Ulibonyezwa tena ukajifunga. Viti vya katikati viliweza kuzungushwa mpaka vikatazama nyuma, vikiwa vimempa mgongo dereva. Safu ya tatu ilikunjwa ikaning'inia kando, mtu akapata nafasi ya kunyosha miguu iliyovimba. Kulikuwa na kiyoyozi cha pili kwa ajili ya walioketi nyuma. Na baina ya dereva na nyuma kulikuwa na pazia zito la rangi ya maziwa ya chai, lililotoka paani mpaka sakafuni.

Mbula alilishika pazia, akalisugua kwa vidole viwili, akatazama pindo.

"Hii ilishonwa na nani?"

"Mwambie ni mke wa Billow, Kowsar. Alikuwa na mtoto mchanga, akataka kunyonyesha safarini bila kuangaliwa."

"Huyo ni mwanamke," Mbula akasema, na hakueleza zaidi. Aliingia, akaketi akiangalia nyuma, akavuta pazia, akakaa humo mpaka Kanini akaingiwa na wasiwasi. Alipotoka alikuwa amekwisha kuamua. "Mwambie Baba Kasyoka Jumanne nitakuwa tayari saa kumi na mbili. Asichelewe."

Wiki tano zilikwenda vizuri ajabu. Kiti cha kuangalia nyuma kilimtapisha safari ya kwanza, kwa hiyo wakakigeuza kikaangalia mbele, pazia likabaki. Kanini aliketi kando yake na kupitisha maneno mbele na nyuma siku nzima: mwaitu anasikia baridi, Baba Kasyoka anauliza kama apunguze, mwaitu anasema apunguze kidogo tu. Mbula alianza kunenepa uso. Kanisani aliwasimulia akina mama habari za mlango unaojifunga wenyewe mpaka mke wa mchungaji akamwomba wasonge mbele na ajenda.

Kisha binti wa Kanini aliyeolewa Kyuso akajifungua mapacha kabla ya wakati, na Alhamisi jioni Kanini akapanda gari kwenda huko.

Ijumaa alfajiri Kyule alifika, akasimama mbali na nyumba, mikono nyuma. Alikuwa ameambiwa na Ndunge. Hakujua aseme nini wala amwambie nani. Mbula alitoka amevaa koti lake la safari na kitambaa kichwani, akamkuta mkwe wake peke yake na ua mzima mtupu, hakuna hata mtoto wa kutumwa.

Mwingine angerudi ndani akalia. Mbula alilitazama gari. Alitazama mlango wa kulia, akatazama wa kushoto, akawaza kuhusu pazia. Halafu akamtazama mbuzi wake aliyefungwa pale kwenye kigingi, akasema kwa sauti ya mwenyekiti wa akina mama:

"Wewe mbuzi, sikiliza. Nyumba ikiwa na ukuta katikati, na kila upande uko na mlango wake, hiyo si nyumba moja. Ni mbili. Watu wakikaa kwa nyumba mbili, hakuna mtu ameketi na mwingine. Mimi nimesema."

Kyule alimsikia, na mbuzi pia. Hakuna aliyepinga. Mlango wa kushoto ukafunguka, Mbula akaingia nyumbani kwake. Kyule akazunguka, akaingia kwake. Taa ya chungwa ikazima, dizeli ikanguruma, wakaondoka. Mbula alijiona amefanya kazi ya wazee watano kabla ya chai.

Mutomo walifika jua likianza kuchomoza vizuri. Kyule akaingia kituo cha mafuta. Mbula alisikia mlango wa dereva ukifunguka, akasikia mkwe wake akisema na mhudumu, kisha hatua zake zikienda upande wa ofisi. Kiu ilikuwa inamkaba. Mgonjwa wa mashine hupimiwa maji, hanywi anavyotaka, na dawa ya Mbula kwa kiu ilikuwa peremende kali, anaiweka chini ya ulimi mpaka koo lisahau. Zilikuwa zimekwisha. Siku nyingine angemwambia Kanini amwambie Baba Kasyoka. Leo hakukuwa na wa kuambiwa, na kibanda kilikuwa pale pale, hatua ishirini.

Alibonyeza kitufe, akashuka pole pole, akabonyeza tena kwa sababu hakupenda kuacha mlango wazi kama nyumba isiyo na mwenyewe. Akaenda zake kibandani.

Kyule alirudi kwa upande wa dereva wakati mlango ukimalizia kujifunga. Aliusikia ule mlio mdogo wa mwisho. Akafikiri mwaitu alikuwa amefungua apate hewa, sasa amefunga, yuko tayari. Mtu mwingine yeyote duniani angegeuza shingo kuhakikisha. Mtu mwingine angeuliza, "Twende?" Kyule alikuwa amelelewa vizuri mno. Alitazama barabara, akawasha gari, akaondoka taratibu ili asimtikise.

Mbula aligeuka na peremende zake mkononi, akaona nyumba zote mbili zikipanda barabara ya Kitui.

"Asi!" alisema.

Alipunga mkono. Alipunga mikono yote miwili. Kukimbia hakuweza, miguu ilikuwa kama magunia ya ndengu. Gari likapinda, likapotea.

Mhudumu wa pampu, msichana aliyeitwa Katunge, alimletea kiti cha plastiki. "Mama, umeachwa na gari?"

"Nimeachwa na mkwe wangu."

"Mumekosana?"

"Tungekuwa tumekosana angejua sipo." Mbula aliketi, akavuta pumzi. Ilikuwa saa moja na dakika tano. Ijumaa wagonjwa walikuwa wengi kuliko mashine. Asiyefika ifikapo saa tatu na nusu, mashine yake hupewa aliye kwenye foleni, na yeye huambiwa arudi Jumanne. Jumanne ilikuwa mbali. Usiku uliopita alilala ameegemea mito miwili kwa sababu akilala chali kifua kilikuwa kizito, na hilo hakumwambia mtu.

Alipiga simu ya Ndunge. Iliita mpaka ikakata. Ndunge alikuwa darasani, na simu yake kwenye droo ya ofisi ya walimu. Ya Kanini ilikuwa imezimwa. Namba ya Kyule hakuwa nayo. Angeiweka ya nini?

"Amenilipa kwa simu," Katunge akasema. "Namba yake iko hapa kwa mesej. Nimpigie?"

"Mpigie, mwanangu. Mwambie arudi."

Katunge alipiga, akaweka sauti juu. Kyule alipokea mara moja.

"Haloo, ni hapa petroli Mutomo. Umeacha mama yako hapa."

"Umekosea mtu, dada."

"Si wewe wa gari ya kijivu, ya dizeli? Mama yuko hapa, ameketi."

"Mama yuko hapa nyuma kwangu," Kyule akasema, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. "Anapumzika. Na nyinyi wakora mmeanza mapema leo. Unataka nikutumie pesa ya kumleta, sivyo? Tafuta kazi, dada." Simu ikakatika.

Katunge alipiga tena, na tena. "Amenifungia, mama. Sasa hata haiiti."

"Hawezi kufungua pazia aangalie?"

Katunge alimtazama mama huyu bila kuelewa. Lakini Mbula alikwisha kuelewa jibu la swali lake mwenyewe. Hawezi. Angefika Kitui, angeegesha mbele ya hospitali, angeketi akitazama mbele, akingoja kwa subira zote mlango wa kushoto ufunguke. Angengoja hata mpaka adhuhuri. Nani alimfundisha hivyo? Ni yeye Mbula, kwa miaka kumi na sita, kwa kila kichaka alichoingia ili asikutane naye.

Tuseme ukweli, aliogopa. Hakuogopa kufa hivi hivi tu, maana yeye na Mungu wake walikuwa wamekwisha kuelewana. Aliogopa kufa kwa kukosa neno moja, halafu kijana wa watu aishi nalo mpaka uzeeni. Ndunge angemtazama vipi mumewe? Hilo lilimuuma kuliko kifua.

Alitoa simu yake ndogo ya kitufe mfukoni mwa koti.

"Nisomee hiyo namba."

"Utaongea mwenyewe?"

"Nisomee kabla sijabadilisha roho."

Simu iliita mara tatu. "Haloo?" Kyule alisema, sasa kwa ukali.

Mbula alikuwa amepanga kusema Baba Kasyoka. Lakini Baba Kasyoka wako wengi, na mkora yeyote anaweza kulipata jina la mtoto. Akapiga moyo konde.

"Kyule," alisema. "Kyule wa Nthiwa, wa Mukuyuni. Ni mimi, mamake Ndunge. Simamisha gari kando ya barabara. Fungua pazia uangalie."

Alisikia dizeli ikinguruma, ikapungua, ikatulia. Alisikia vile vipete vya pazia vikikwaruza kwenye chuma.

"Mwaitu," sauti ikaja, nyembamba, haikufanana na ya mwenye duka la saruji. "Mwaitu, nimekuacha."

"Umeniacha. Uko wapi?"

"Nimepita Ikanga."

"Basi geuza. Na usiendeshe kama mwendawazimu, nataka gari ikifika ikiwa nzima. Utalia nikiwa kwa mashine, utakuwa na saa nne."

Katunge alikuwa ameshika mdomo. Mbula alimrudishia macho makavu, akafungua peremende, akaiweka chini ya ulimi.

Kyule alifika saa moja na dakika hamsini. Alishuka, akasimama upande wa pili wa gari, akaupa uso ukuta wa ofisi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Mlango wa kushoto ulifunguka.

"Dada," alimwambia Katunge bila kugeuka, "tafadhali mwambie mwaitu kwamba mimi..."

"Usimtume huyo," Mbula akasema. "Ana wateja."

Kyule akazidi kuukazia ukuta macho.

"Sikiliza, Kyule. Sitakushika mkono, na pazia itabaki vile ilivyo. Mimi ni mama mkwe wako mpaka nizikwe. Lakini ile heshima tuliwekeana haikuwa ya kuniua, na haikuwa ya kukufanya wewe muuaji. Kuanzia leo, kabla uondoe gari, utaniita. Na mimi nitaitika. Umesikia?"

"Nimesikia, mwaitu."

"Haya, ita."

Katunge alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mwanamume mzima akitafuta maneno mawili kwa taabu namna ile. Mbula alikwisha kuingia, akaketi, mlango ukajifunga. Kyule naye akaingia kwake, akashika usukani.

"Mwaitu, uko?"

"Niko. Twende."

Walifika hospitalini saa tatu na dakika ishirini na mbili. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alikuwa ameshika faili ya mgonjwa mwingine. Alimtazama Mbula, akaitazama saa, akairudisha ile faili mezani. Ilikuwa karibu hivyo.

Alasiri walirudi. Mbula alikuwa amechoka kama siku zote za mashine, mwili umekamuliwa, midomo mikavu, lakini kifua kilikuwa chepesi na aliweza kuegemeza kiti mpaka nyuma. Walipotoka hospitalini Kyule aliuliza, akajibiwa. Walipokatizwa na ng'ombe Ikanga na kusimama kidogo tu, hata injini haikuzimwa, aliuliza, akajibiwa. Mutomo hawakusimama. Kyule alipunguza mwendo, akapiga honi, Katunge akapunga kitambaa cha kupangusia vioo.

Baada ya hapo barabara ilinyooka. Mbula alifumba macho. Hakupata usingizi. Aligundua, kwa mshangao na aibu kidogo, kwamba kuna kitu alikuwa akikingoja.

"Mwaitu," sauti ikatoka upande wa pili wa pazia. "Uko?"

Gari lilikuwa likikimbia kilomita themanini kwa saa. Hapakuwa na kituo, wala ng'ombe, wala mtu ambaye angeweza kushuka.

"Niko, mwanangu," Mbula akasema. "Endesha."